Meza ya Idi kwa vyombo vya urithi: shaba, kauri, enameli au ukili?

Wiki moja kabla ya Idi, kabati hufunguliwa. Chini kabisa kuna sinia za shaba alizoacha bibi, zimefungwa ndani ya shuka. Katikati zimepangwa sahani za maua ambazo watoto wameambiwa tangu zamani wasiziguse. Pembeni kuna mabakuli ya enameli yaliyobanduka ukingoni, na juu ya kabati makawa ya ukili, vile vifuniko vya chakula vya kusukwa, yaliyofifia rangi. Swali ni lile lile kila mwaka: kipi kitoke, kipi kibaki? Ukivitoa vyote, meza inakuwa duka la vyombo na pilau inakosa pa kukaa.

Ninayoyaandika hapa yanahusu chakula cha mchana cha Idi kama kinavyoandaliwa katika nyumba nyingi za pwani: pilau au biriani, kachumbari, sambusa, kaimati, halua na kahawa, na wageni wanaoingia na kutoka tangu watu warudi kuswali hadi jioni. Anayeandaa Krismasi au Pasaka naye ataona ya kumfaa, kwa kuwa vyombo vyenyewe havitofautiani sana.

Niseme mapema ninakosimama. Mimi ni wa wale wanaotaka vyombo vya wazee vitumike. Mtoto ambaye hajawahi kulia sinia ya bibi yake, siku moja atamuuzia mnunuzi wa vyuma chakavu bila kujua ametoa nini. Lakini si kila chombo cha zamani kinafaa kutiwa chakula, na si kila chombo kinastahimili vurugu za sikukuu. Kinachosaidia ni kukipa kila kimoja kazi kinayoiweza.

Tupime kwa vigezo gani

Cha kwanza ni chakula: je, kinaweza kukigusa chombo hicho bila madhara? Hiki nakitanguliza kwa sababu urembo hauna maana ikiwa kachumbari inakaa juu ya risasi, madini yenye sumu. Cha pili ni kazi: usafi kabla na baada ya sikukuu, na nani ataifanya. Cha tatu ni sura, yaani chombo kinavyopokeana na rangi ya chakula na mwanga wa chumba. Cha nne ni hasara: kikivunjika au kupotea, kinatengenezeka au ndiyo basi? Mwisho nitasema kinamfaa nani.

Kuna jambo jingine la kumaliza kabla ya kugusa kitu. Vyombo vya marehemu ambaye mirathi yake haijagawanywa ni vya warithi wote, hata kama vimekaa nyumbani kwako. Piga simu kwa dada, kaka, shangazi. Wape taarifa kwamba unataka kuviweka mezani. Nimeona sikukuu ikiharibika kwa sababu ya birika moja lililotolewa bila mwenyewe kuulizwa, na birika lenyewe halikuwa na kosa.

Shaba: sinia, dele, mrashi, chetezo

*Chakula.* Hapa ndipo watu hujisahau zaidi. Shaba, iwe nyekundu au ya manjano, huathiriwa na vitu vichachu. Ndimu, ukwaju, siki, nyanya na mtindi huitoa shaba kwenye chombo na kuiingiza kwenye chakula, na mtu anaweza kuumwa tumbo na kutapika. Ndiyo maana vyombo vya shaba vya kupikia na kunywea vilipakwa bati jeupe kwa ndani. Chukua dele, yaani birika la kahawa, lielekeze mdomo dirishani, uchungulie. Ukiona ndani kote ni kijivu cheupe bila doa, utando bado upo. Ukiona wekundu wa shaba unajitokeza, au ukijani kwenye maungio ya mdomo, hilo si la kunywea kahawa mpaka fundi alipake upya. Liweke mezani kama pambo, kahawa itoke kwenye chupa ya chai.

Sinia ya shaba isiyopakwa bati ni sawa kwa vitu vikavu vinavyokaa muda mfupi: tende, visheti, kashata, vileja. Kwa pilau, tandika jani la mgomba lililopitishwa motoni likalainika, au weka sahani kubwa ya kioo juu ya sinia. Jani la mgomba likikaa juu ya shaba iliyosuguliwa, sijui pambo la dukani linaloweza kushindana nalo.

*Kazi.* Ni nyingi, tena inataka mikono yenye nguvu. Njia ya wazee bado inafaa: ukwaju uliolowekwa na chumvi kidogo, paka kwa kitambaa, acha dakika chache, sugua kufuata mkondo wa nakshi, osha kwa sabuni, kisha kausha papo hapo. Uchachu ule ule unaoharibu chakula ndio unaoyeyusha weusi. Ukiacha chombo kijikaushe chenyewe, madoa yanarudi kabla ya jioni. Stilwaya usiiguse kabisa, itakula nakshi. Na dawa za dukani za kung'arishia zitumie nje ya chombo tu, mahali chakula hakifiki. Kazi hii ifanyike siku mbili kabla ya Idi, maana mkesha una kazi zake.

*Sura.* Shaba inapendeza zaidi jioni, taa za manjano zikiwashwa. Mchana wa jua kali inaweza kumeremeta hadi ikachosha macho, hivyo kipande kimoja kikubwa kinatosha. Mpe nafasi mrashi: ule wa shingo ndefu, unaojazwa marashi ya waridi na kuwanyunyizia wageni mikononi wakishamaliza kula. Chetezo chenye udi nacho kina wakati wake, baada ya chakula, kikipitishwa mtu hadi mtu. Vyombo hivi viwili havigusi chakula, havihitaji fundi, na vinawafanya wageni watulie kidogo kabla ya kuaga. Vivyo hivyo birika na tasa la kunawisha. Kijana wa nyumbani akisimama na birika la babu yake, akawamwagia wageni maji mikononi, chombo kimetoka kabatini na kurudi kwenye kazi yake.

*Hasara.* Shaba haivunjiki. Ikibonyea hunyooshwa, mkono ukichomoka huunganishwa. Hatari yake ni wizi na kuuzwa kwa kilo.

*Inamfaa* mwenye nakshi za kuonyesha, mwenye wasaidizi wa kusugua, na nyumba inayokula chini kwenye jamvi, watu wanne au watano kuzunguka sinia moja. Haimfai aliye peke yake na wageni ishirini.

Kauri na sahani za udongo za Ulaya

*Chakula.* Kwanza jua umeshika nini. Simama dirishani, nyanyua sahani, pitisha vidole nyuma yake. Ukiona kivuli cha vidole kupitia sahani, hiyo ni kauri halisi. Ikiwa mwanga haupiti, ni sahani ya udongo uliochomwa na kupakwa utando unaong'aa. Nyingi za nyumba zetu ni za aina hii ya pili, na si za kudharau. Katika karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20 viwanda vya Ulaya vilileta shehena kubwa pwani hii, na zinazotajwa sana ni za Petrus Regout wa Maastricht, Uholanzi, aliyeanza kutengeneza vyombo vya udongo katika miaka ya 1830. Ukigeuza sahani utaona alama: mnyama wa Kimisri aliyelala, mwenye kichwa cha mtu, na jina la mji wa Maastricht. Kama imeandikwa England peke yake, kwa kawaida ni ya baada ya 1891, mwaka ambao Marekani ilianza kudai jina la nchi ilikotoka kila bidhaa inayoingia kwake. Made in England mara nyingi ni ya karne ya 20.

Sasa madhara. Utando wa zamani unaweza kuwa na risasi, na rangi zilizopakwa juu ya utando ndizo za kuogopwa zaidi. Funga macho, pitisha kidole juu ya ua. Ukihisi limeinuka au lina mkwaruzo, rangi iko juu. Ukihisi kioo kitupu, rangi iko chini ya utando, kama ilivyo kwa sahani nyingi za buluu na nyeupe. Sahani yenye ua lililolika usiilie. Yenye nyufa nyembamba kama nywele isikae na kachumbari, achari wala juisi ya ukwaju. Nyufa hizo pia hunywa mafuta ya pilau, na baada ya miaka sahani hutoa harufu na madoa ya hudhurungi yasiyotoka. Iliyo nzima, isiyo na nyufa, ikitumika mara moja kwa mwaka kwa chakula kikavu kama sambusa au mkate wa ufuta, haina la kutisha. Kwa watoto wadogo na wajawazito mimi nachagua sahani mpya, bila mjadala.

*Kazi.* Kuosha ni rahisi, kuangalia ndiko kugumu. Maji ya vuguvugu, beseni la plastiki lenye taulo chini, kimoja kimoja. Usimwage maji ya moto kwenye sahani iliyotoka mahali pa baridi. Yenye mstari wa dhahabu isiingie kwenye maikrowevu. Kabla ya kupanga meza, gonga kila sahani kwa ukucha: nzima inalia, yenye ufa uliojificha inatoa sauti iliyokufa. Hiyo ya pili itengwe, maana ndiyo itakayopasuka mikononi mwa mgeni.

*Sura.* Kwa macho yangu hakuna kinachobeba sikukuu kama sahani hizi, na pwani imelijua hilo karne nyingi. Lamu, chumba cha ndani cha nyumba za mawe kilijengewa zidaka, yaani vishubaka, ukuta mzima, na kwenye baadhi ya zidaka hizo zilipangwa kauri. Huko Kunduchi, Dar es Salaam, makaburi ya karne ya 18 yalipambwa kwa mabakuli ya Kichina yaliyopachikwa kwenye nguzo. Anayetaka kulinganisha maua ya sahani zake na ya wenzake wa zamani, jumba la makumbusho la Fort Jesus, Mombasa, lina vigae na vyombo vya kutazama kwa saa nzima. Somo la zidaka linafaa hata leo: sahani ya thamani inaweza kuwa sehemu ya meza bila kulaliwa na wali. Isimamishe kwenye rafu nyuma ya meza, au iweke chini ya sahani ya kioo unayolia, ua lake likaonekana kupitia kioo.

Seti zisizofanana zisikusumbue. Sahani sita za maua sita tofauti zinapendeza kuliko seti pungufu iliyojaziwa na za dukani zinazoiga. Tafuta rangi moja inayojirudia, tuseme wekundu au buluu, na kitambaa cheupe chini.

*Hasara.* Ikivunjika, imekwenda. Gundi itairudisha kwenye rafu tu, si mezani.

*Inamfaa* mwenye wageni wachache, watu wazima, meza ya kukalia na muda wa kuosha kwa mkono mwenyewe. Kama nyumba yako ni ile ya watoto kukimbizana na vikombe vya sharubati, kauri ikae juu.

Enameli

Watu wengi huviita vyombo vya bati, ingawa ndani ni chuma kilichofunikwa kwa kioo kilichoyeyushwa juu yake kwa moto mkali, nyuzi 800 au zaidi. Mabakuli ya maua mekundu kutoka China, mabuli ya chai, sahani nyeupe zenye ukingo wa buluu: hivi havikuonekana urithi mpaka hivi karibuni, kwa kuwa kila nyumba ilikuwa navyo. Mimi naviheshimu sana. Ndivyo vilivyolisha watu msibani, harusini na shuleni, na mwenye navyo vizima leo amebakiwa na historia ya nyumba yake zaidi kuliko mwenye sinia aliyoinunua kwenye duka la watalii.

*Chakula.* Utando mzima haujali ndimu wala ukwaju, kwa hiyo kachumbari inapata chombo chake hapa. Uliobanduka kwa ndani ni habari nyingine: chuma kinaota kutu, na vipande vidogo vya kioo vinaweza kuendelea kutoka. Chombo hicho kitumie kwa maua au matunda yasiyomenywa. Kilichobanduka ukingoni kwa nje hakina neno. Rangi nyekundu, ya machungwa na ya njano za zamani zinaweza kuwa na kadimiamu au risasi, hivyo ziwe nje ya chombo, upande wa chakula uwe mweupe.

*Kazi.* Sifongo na sabuni, basi. Kilichogandia kilowekwe. Hapa pia stilwaya ikae mbali.

*Sura.* Inachangamsha. Sahani nyeupe yenye ukingo wa buluu, biriani ya zafarani juu yake, na vipande vya ndimu pembeni, huhitaji kuongeza chochote. Haina heshima ya shaba wala upole wa kauri, na anayetaka meza ya kifahari hataipata hapa.

*Hasara.* Ikianguka inabanduka, haivunjiki. Bado inapatikana mpya, kwa hiyo pengo linazibika.

*Inamfaa* mwenye watoto wengi, mwenye kuandaa uani au ufukweni, na anayetaka kila mgeni, hadi mtoto wa mwisho, ale kwenye chombo chenye historia.

Ukili na vitambaa vya meza

*Chakula.* Kawa hufunika, kwa hiyo swali la sumu halipo, ila lisiwe na ukungu. Linuse kabla ya kulitumia: harufu ya uvundo ikikaa hata baada ya kupigwa upepo, lisifunike chakula. Rangi ijaribu kwa kitambaa cheupe chenye unyevu. Ikihamia kwenye kitambaa itahamia kwenye mvuke wa pilau pia, na hapo kawa litafunika visheti badala ya wali.

*Kazi.* Ukili hufutwa kwa kitambaa kibichi na kuanikwa kivulini, kwa sababu jua kali huufanya mkavu na kuukatakata. Vitambaa vya kufuma, vile akina mama walivyovifuma kwa uzi mweupe na kuvilaza juu ya redio na makochi, huwa na umanjano wa miaka. Viloweke usiku kucha kwenye maji ya sabuni, suuza, anika vikiwa vimelazwa bapa. Jiki hula uzi wa pamba uliochoka. Na bizari ikimwagika usikate tamaa: osha, kisha anika juani, kwa kuwa rangi ya manjano hufifia kwa jua lenyewe.

*Sura.* Hivi ndivyo vinavyounganisha vingine vyote. Mkeka wa ukindu chini ya shaba huondoa ukali wake. Kitambaa cha kufuma chini ya enameli huipa adabu. Kanga ya zamani inaweza kutandikwa pia, na doti moja ikikatwa inatosha meza ndefu, lakini isome kwanza. Kanga husema, na mgeni atakuwa na chakula kizima cha kusoma mafumbo uliyomtandikia. Kisutu, kisicho na maandishi, hakina hatari hiyo, na wekundu wake na weusi wake unakaa vizuri na shaba.

*Hasara.* Ukili uliokatika husukwa upya na mwenye ujuzi, kama bado yupo mtaani kwako. Kitambaa kilichochanika hushonwa.

*Inamfaa* karibu kila mtu mwenye nafasi ndogo, na hasa aliye mbali na nyumbani. Hakimfai anayetaka chombo cha kulia, maana haya ni mandhari ya meza tu.

Kwa hali yako

Wageni wako ni zaidi ya kumi na tano na nusu yao ni watoto: enameli ibebe chakula, shaba ibaki kwenye kunawisha na marashi, kauri isishuke kabisa. Kama kuna wazee wawili watatu watakaofurahi kuiona sahani fulani, wapelekee mkononi baada ya kula, wakae nayo, wasimulie ni ya nani. Mwenye simu arekodi.

Mnakula wazima watupu, sita hadi wanane, mezani: hapa kauri ina nafasi yake, kwa sharti la ukaguzi wa ukucha na dirisha. Dele moja refu likae mwisho wa meza, si katikati, ili watu waonane.

Mnakula chini: jamvi, sinia za shaba zenye majani ya mgomba, makawa juu hadi kila mtu akae. Kachumbari pembeni kwenye bakuli la enameli au kioo. Usiweke kauri sakafuni kwenye nyumba yenye watoto wanaotambaa.

Uko Muscat, London au Toronto na ulichobeba ni kidogo: leta kitambaa na kawa kwanza. Ni vyepesi, havivunjiki, na vinageuza sahani za kawaida kuwa za nyumbani. Mrashi unaweza kufuata safari ijayo, umefungwa ndani ya nguo. Sahani zije mikononi mwako mwenyewe, si kwenye sanduku linalorushwa.

Hukurithi kitu: enameli na vitambaa ndivyo vya kuanzia, kwa sababu bei yake ni nafuu na kasoro zake zinaonekana kwa macho. Kwa shaba na kauri za kununua, nenda mchana, nenda na mtu mzima anayejua, na uangalie ndani na chini ya kila chombo kabla ya kuuliza bei.

Na kama una siku moja tu kabla ya sikukuu, chagua kitu kimoja. Sinia moja iliyosuguliwa hadi nakshi zake zikasomeka, kitambaa cheupe chini yake, tende na halua juu yake kwenye vikapu vyake vya ukili. Iwekwe karibu na mlango, mahali pa kumpokea mgeni, halafu meza ya chakula iendelee na vyombo vyako vya kila siku.